Simba wa Rumanyika na Simba wa Yuda



Vijana wenzangu wa Karagwe na Kyerwa, na ninyi mnaosoma mkiwa mbali na nyumbani, leo naomba tumzungumzie mtu ambaye jina lake tunalitaja mara nyingi lakini maisha yake wengi wetu hatuyajui. Ni Omukama Rumanyika Orugundu, mfalme wa Karagwe. Tangu mwaka 2019 tuna Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, dada yake Ibanda-Kyerwa. Basi ukimuuliza kijana wa leo Rumanyika ni nani, utaambiwa ni hifadhi. Kumbe alikuwa mtu, mwenye baba, ndugu, watoto, hofu na maswali.

Najua mtu atauliza: mfalme ambaye hakubatizwa anatafuta nini kwenye ukurasa wa vijana Wakatoliki? Jibu langu ni moja: simba. Katika historia ya Karagwe yuko simba mmoja wa ajabu sana, na katika Biblia yuko Simba mwingine. Nimejifunza mengi kwa kuwaweka hao wawili pamoja, nikaona nisibaki nayo peke yangu.

Nchi ya akina Ntare

Ufalme wa Karagwe ulienea katika eneo ambalo leo ni wilaya zetu mbili. Zamani tulikuwa wilaya moja, Kyerwa ikapewa wilaya yake mwaka 2012. Wafalme wake walikuwa Abahinda, uzao wa Ruhinda, na makao yao makuu yalikuwa Bweranyange. Kadhaa kati yao waliitwa Ntare, na kwa lugha yetu ntare ni simba. Yaani mtoto wa mfalme alipopewa jina hilo, watu walijua anatarajiwa awe nani.

Baba yake Rumanyika alikuwa Ndagara. Alipofariki, katika miaka ya 1850, ndugu watatu walikitaka kiti: Rumanyika, Nyanaji na Rogero. Rumanyika mwenyewe alisimulia jinsi jambo lilivyoamuliwa. Waliwekewa ngoma ndogo mbele yao. Kwa macho ilikuwa ngoma nyepesi tu, lakini ilikuwa imewekewa dawa, ikawa nzito kiasi kwamba wenzake walishindwa hata kuisogeza. Yeye akainyanyua kwa kidole kidogo cha mkono. Kisha, ndivyo alivyosema, akakalishwa mahali fulani na ardhi ikainuka naye hadi juu angani. Kama mizimu isingemkubali, ardhi ingeporomoka naye akafa. Ikamshusha polepole, akawa mfalme.

Lakini ngoma haikumaliza ugomvi. Rogero hakukubali. Vita ya ndugu wa baba mmoja ikapigwa, na Rumanyika akashinda. Nyanaji akabaki karibu naye kwa amani. Rogero akabaki hai, akiwa na watu wake, na Rumanyika akaishi miaka yote akijua kwamba upo moshi upande wa pili wa kilima.

Simba aliyetoka moyoni mwa maiti

Sasa tuje kwa huyo simba. Babu yake Rumanyika, Omukama Ruhinda, aliishi muda mrefu mno hata watu wakadhani hatakufa. Yeye mwenyewe akamhurumia mwanawe Ndagara, kwa sababu angezeeka bila kutawala. Basi akatumia dawa, akaondoka duniani kwa hiari yake. Mwili wake ukapelekwa kwenye kilima cha maziko ya wafalme. Na hapo, simulizi inasema, mwanasimba alitoka katika moyo wa yule maiti, akakaa kulinda kilima. Kutoka kwake wakazaliwa simba wengine, wakajaa mahali pote. Simba hao wakawa wanamtii Ndagara. Maadui wa kaskazini walipokuja, Ndagara hakukusanya askari. Alikusanya simba wake, wakafagia kila kitu. Ndiyo maana, wazee walisema, mataifa mengine yaliiogopa Karagwe.

Ndagara naye alipokufa simulizi ikaendelea. Mwili wake ulishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ukawekwa kwenye mtumbwi ukielea ziwani siku tatu. Funza watatu wakachukuliwa kutoka mwilini na kupelekwa ikulu akabidhiwe mrithi. Mmoja akageuka simba, wa pili chui, wa tatu fimbo.

Usicheke. Usiseme haraka kwamba ni hadithi za washamba. Hebu sikiliza kinachoulizwa humo ndani. Watu wa Karagwe walikuwa wanauliza: nguvu ya mfalme inatoka wapi? Kifo kikimchukua, nguvu hiyo inaenda wapi? Na wakajibu kwamba kutoka katika mwili uliokufa anaweza kutokea simba, akawalinda walio hai. Mkristo akisikia hivyo lazima asisimke kidogo. Tutarudi hapo.

Mwenye simba aliyekuwa mpole

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Njiani walikuwa wamechoshwa na hongo. Kila mtemi alitaka nguo, shanga na waya ndipo wapite. Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yakabadilika. Maofisa wa Rumanyika waliwapa chakula kwa gharama ya mfalme, hawakudaiwa kitu. Sisi tunaosifika kwa kumkaribisha mgeni, tujue hatukuanza leo.

Walipofika mbele yake walimkuta ameketi chini na nduguye Nyanaji, mtu mrefu, mtulivu, uso wa upole. Akawasalimia kwa Kiswahili kizuri. Ndiyo, Kiswahili, mwaka 1861, kwa sababu wafanyabiashara wa Pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na ikulu. Akawauliza wameionaje nchi yake, maana yeye aliamini hakuna milima mizuri kuliko hii duniani. Na ziwa je, si wamelipenda? Anayeijua Karagwe asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni na migomba imelowa umande, atamwelewa kabisa.

Halafu yakaanza maswali, na hapa ndipo nilipompenda mzee huyu. Alitaka kujua kama jua linalotua ni lilelile linalochomoza kesho, au kila siku linakuja jua jipya. Aliuliza kama mwezi unabadilisha sura ili kutucheka sisi binadamu. Mtu mwenye madaraka yote, ambaye angeweza kujifanya anajua kila kitu, aliketi na mgeni akauliza kama mtoto. Ni wangapi kati yetu tunaona aibu kuuliza swali katika semina ya vijana, tukiogopa kuonekana washamba?

Januari 1862 Speke aliendelea na safari kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Grant hakuweza kutembea, mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya. Rumanyika akabaki na mgonjwa huyo nchini mwake miezi mitatu, hadi Aprili, alipobebwa kwenda kumfuata mwenzake. Mgonjwa asiye na faida yoyote kwa mfalme, lakini akatunzwa.

Mwaka 1876 alipita Henry Morton Stanley, naye akamkuta mzee yuleyule, mpole vilevile. Rumanyika alimpa watu wa kumwongoza hadi kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko Wilaya ya Kyerwa, na ambako tayari wakati huo wagonjwa walikuwa wakienda kuoga wapate nafuu.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nguvu ya Rumanyika ilionekana wapi zaidi, sitakuonyesha kilima cha simba. Nitakuonyesha mgeni aliyeshiba na mgonjwa aliyetunzwa.

Swali lililomkosesha usingizi

Lakini nisimpambe kupita kiasi, maana hakuwa malaika. Speke aliandika, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, kwamba Rumanyika alimuuliza kama anayo dawa ya kummaliza Rogero. Bwana wa simba, aliyenyanyua ngoma kwa kidole, alikuwa bado anamwogopa ndugu yake. Alihofia watoto wake watafanywaje yeye akishaondoka.

Hapo nguvu ya simba wa kilimani ilifika mwisho wake. Simba wale wangeweza kumrarua adui wa kaskazini, lakini wangefanya nini kwa hofu iliyokaa ndani ya moyo wa mfalme? Wangewezaje kuwapatanisha watoto wa baba mmoja?

Aliulizwa pia kwa nini kila mwaka anachinja ng'ombe kwenye kaburi la baba yake. Alicheka, akasema hajui hasa, ila anatumaini mavuno yatakuwa mazuri. Aliweka pombe na nafaka mbele ya jiwe kubwa mlimani kwa sababu hiyohiyo, akikiri kwamba jiwe haliwezi kula wala kunywa. Alikuwa mkweli kuliko wengi wetu. Leo bado wapo vijana waliopata Kipaimara, wana rozari shingoni, lakini mtihani ukikaribia, au biashara ikidorora, au shamba la urithi likiwagombanisha na kaka yao, wanapiga simu kwa mganga usiku. Rumanyika alitafuta dawa ya kummaliza ndugu yake kabla hajahubiriwa Injili. Sisi tuna kisingizio gani?

Katika mazungumzo hayo Speke alimweleza habari za Mungu na za Wakristo wa Ethiopia. Alichanganya na mawazo yake potofu kuhusu asili ya watu wetu, mawazo ambayo wasomi wamekwisha kuyatupa. Lakini akapendekeza achukue watoto wawili wa mfalme wakasome Uingereza, na Rumanyika akafurahi sana. Ona sasa: mtu aliomba dawa ya kuua, akaambiwa habari za shule na za Mungu, na hakukasirika. Moyo wake ulikuwa wazi.

Simba wengi wa Biblia

Tukifungua Maandiko tunakuta simba kila mahali, na si wote ni wa aina moja.

Mithali 30:30 inamtaja simba kama mnyama hodari asiyerudi nyuma mbele ya yeyote. Mithali 28:1 inamfananisha naye mtu mwenye haki, kwa ujasiri wake. Katika Mwanzo 49:9 mzee Yakobo anambariki Yuda kwa picha ya mwanasimba, na kutoka kabila hilo anazaliwa Daudi. Mfalme Sulemani alitengeneza kiti chenye simba wawili kando ya mikono na simba kumi na wawili kwenye ngazi zake (1 Wafalme 10). Wafalme wa Yerusalemu na wafalme wa Bweranyange wangeelewana vizuri juu ya jambo hili.

Lakini simba ni hatari pia. Daudi alipokuwa bado mchungaji alimnyang'anya simba kondoo wa baba yake (1 Samweli 17), na hapo ndipo alipojifunza kumtegemea Mungu kabla hajakutana na Goliathi. Samsoni alimrarua simba kwa mikono mitupu, baadaye akakuta asali ndani ya mzoga wake (Waamuzi 14). Nguvu alikuwa nayo tele, ila hakuweza kujitawala, tunajua alivyoishia. Danieli hakumgusa simba hata mmoja. Alisali tu, na Mungu akafunga vinywa vyao (Danieli 6). Na Mtume Petro anatuonya kwamba Ibilisi anazunguka kama simba angurumaye akitafuta wa kummeza (1 Petro 5:8).

Kwa hiyo mngurumo peke yake si dalili ya Mungu. Shetani naye ananguruma. Kijana anayepiga kelele mtandaoni, anayemtisha msichana, anayetaka wadogo zake wamwogope nyumbani, asijiite simba akadhani amesifiwa.

Sasa fungua Ufunuo sura ya 5. Yohane analia kwa sababu hakuna anayestahili kukifungua kitabu. Mzee mmoja anamwambia asilie, Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Yohane anainua macho amwone huyo Simba. Na anaona nini? Anaona Mwanakondoo, amesimama, akiwa na alama za kuchinjwa. Alitangaziwa Simba, akaonyeshwa Mwanakondoo. Na ni mmoja yuleyule!

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule simba wa kilimani. Wazee wetu waliamini kwamba kutoka katika moyo wa mfalme aliyekufa ilitoka nguvu ya kuwalinda watu wake. Sisi tunakiri kwamba ubavu wa Mfalme aliyekufa ulichomwa mkuki, ikatoka damu na maji, na Kanisa linaona humo Ubatizo na Ekaristi. Wao walisema simba wale waliwatafuna maadui. Simba wetu aliwaombea msamaha maadui akiwa bado msalabani. Mwili wa Ndagara ulikaa ziwani siku tatu, wakatafuta uhai katika funza. Yesu alikaa kaburini, na siku ya tatu hapakuwa na maiti ya kutafuta kitu ndani yake. Sisemi hadithi ile ilikuwa Injili iliyofichwa. Nasema kiu ilikuwepo, na Mungu alikuwa anaijua.

Je, babu zetu wamepotea?

Rumanyika alifariki kabla Habari Njema haijafika Bukoba. Mapadre Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892. Baada yake Karagwe ilidhoofika. Wana wa ikulu waligombania kiti, kile hasa alichokiogopa, kisha miaka ya 1890 sotoka ikaua ng'ombe wengi. Leo tuna Jimbo letu la Kayanga, lililoundwa mwaka 2008, na kengele zinalia kwenye vilima vilevile alivyovisifia.

Wengi wetu tuna swali hili moyoni ila tunaogopa kumuuliza katekista: babu wa babu yangu ambaye hakubatizwa, yuko wapi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium namba 16 ya mwaka 1964, unafundisha kwamba wale ambao bila kosa lao hawakuijua Injili, lakini walimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda mema kadiri dhamiri ilivyowaongoza, wanaweza kupata wokovu, kwa neema yake. Si kazi yetu kutoa hukumu, wala kwa Rumanyika wala kwa babu yako. Tunamwachia Mungu aliye mwenye huruma, na tunawaombea marehemu wetu wote.

Ila kwetu sisi habari ni tofauti, kwa sababu tumeshasikia. Angalia jirani zetu. Ikulu ileile ya Buganda ambako Rumanyika alimruhusu Speke aende, ndiyo miaka 24 baadaye, chini ya mtoto wa Mutesa, iliyotoa mashahidi. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Vijana wa umri wetu! Hawakuwa na simba wa kuwatuma. Walikuwa na Mwanakondoo, wakasimama. Hiyo ndiyo nguvu ya simba asiyerudi nyuma.

Tufanye nini wiki hii

Katika vikundi vyetu vya VIWAWA na TYCS, au hata peke yako chumbani, jiulize haya:

1. Rogero wangu ni nani? Kaka, dada, jirani, rafiki tuliyegombana kwa ajili ya shamba, pesa au mapenzi. Usimtafutie dawa. Mtafute yeye. Anza na salamu tu.

2. Kama kuna hirizi, dawa au namba ya mganga unayoihifadhi, iache. Nenda kwa padre, ungama. Hakuna padre atakayekushangaa.

3. Mgeni na mgonjwa wa mtaani kwako wanajuaje kwamba wewe una nguvu? Rumanyika alijulikana kwa hilo. Mbatizwa asipitwe.

Sala

Ee Yesu, Simba wa Yuda na Mwanakondoo wa Mungu, asante kwa nchi yetu nzuri na kwa wazee walioitunza kabla yetu. Wahurumie wote waliokutafuta bila kulijua jina lako. Utuondolee hofu inayotufanya tutake kuwaangamiza ndugu zetu. Utupe ujasiri wa Danieli, usafi wa Karoli Lwanga, na moyo wa kuuliza na kujifunza kama alivyokuwa nao Rumanyika. Ibilisi akinguruma, tukukimbilie wewe. Bikira Maria, Mama wa Huruma, utuombee. Amina.